Barua ya wazi kwa bodi na meneja wa nyumba ya wazee: msimtupie mzigo dada wa zamu ya usiku

Kwa Mwenyekiti wa Bodi, wajumbe wote wa Bodi na Meneja,
Nyumba ya kutunzia wazee alikokuwa anaishi mama yangu.

YAH: MAJERAHA ALIYOPATA MAMA YANGU AKIWA MIKONONI MWENU, NA NANI WA KUYAJIBU

Waheshimiwa,

Salamu kwenu. Naandika hapa hadharani kwa sababu njia za ndani zimeniishia. Nimeandika barua, nimetuma imeili, nimekaa ofisini kwa meneja nikapewa pole nyingi na ahadi kwamba bodi itakutana, bodi ikakutana kweli, na kilichotoka ni karatasi moja ambayo neno "ajali" limo mara nyingi kuliko jina la mama yangu, alafu mwishoni kabisa eti "mfanyakazi husika ameshachukuliwa hatua". Yaani amefukuzwa. Mkaona mmemaliza.

Jina la nyumba yenu sitaliandika, na la mfanyakazi yeyote sitaliandika. Nyie mnajijua. Na mwingine yeyote mwenye mzazi kwenye nyumba kama hiyo atajua naongelea nini bila kutajiwa jina.

Kwa wasiojua habari yenyewe ni hivi. Mama aliingia kwenu baada ya kupata kiharusi, upande wa kushoto umelegea, anatembea na fremu huku kashikwa, akili yake timamu, anaongea, anacheka. Daktari wenu wenyewe alimkagua siku ya kuingia akaandika ngozi nzima, hana kidonda popote. Leo mama yuko hospitali, ana kidonda chini ya mgongo kilichofika kwenye mfupa, nyonga imevunjika, hatembei tena. Hivyo vyote viwili amevipatia kwenu. Sisemi kuna mtu alimpiga, nasema hakuna aliyemwangalia, na kwa mtu wa hali ile kutokuangaliwa kunatosha kumuumiza. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba ili msije mkajibu moja mkaruka mengine kama mlivyofanya mara ya kwanza.

1. Kidonda hakikuota usiku mmoja

Naanza na hiki maana nyie mmekipita mbio, mmeandika sentensi moja tu, "mkazi alipata tatizo la ngozi kutokana na hali yake". Tatizo la ngozi! Upele ndio tatizo la ngozi. Mama ana shimo ambalo nesi wa hospitali akilisafisha inabidi ajaze bandeji ndani kwanza ndio afunge juu.

Vidonda vya kulalia vinajulikana vinakujaje. Mtu asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja muda mrefu, uzito wa mwili wake unabana mishipa midogo ya damu katikati ya mfupa na godoro, nyama inakosa damu inaanza kufa, na sehemu ni zile zile siku zote: chini ya mgongo, nyonga, visigino, popote mfupa ulipo karibu na ngozi. Akiwa amelala na pampasi iliyolowa ndio inaharakisha kabisa. Mwanzo wake ni alama tu, ukiibonyeza na kidole rangi yake haiondoki, na kwa mtu mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri kwa hiyo mhudumu anatakiwa aguse, asikie kama pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni yake. Kuanzia hapo wataalamu wanahesabu hatua nne. Ya kwanza ngozi bado haijapasuka, ya pili imechunika, ya tatu kidonda kimeingia kwenye mafuta chini ya ngozi, ya nne kimefika kwenye misuli au mfupa. Mama alipelekwa hospitali akiwa ya nne.

Sasa nauliza, toka ya kwanza mpaka ya nne nani alikuwa anamuogesha? Nani alikuwa anambadilisha? Kwa sababu kila aliyemgeuza kumsafisha alikiona, hakijifichi mahali pale. Ama walikiona wakanyamaza, ama walisema na huko juu hakuna aliyesikiliza, ama hakuna aliyekuwa anamgeuza kabisa. Chagueni mnayotaka, zote tatu zinaishia mezani kwenu.

Na msiniambie haya mambo ni ya kisasa. Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, aliandika mwaka 1859 kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kulalia, kwa kawaida kosa sio la ugonjwa, ni la uuguzi. Daktari Ludwig Guttmann alipoanza kuhudumia askari waliovunjika uti wa mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alisimamia wageuzwe kila baada ya masaa mawili usiku na mchana, na watu ambao zamani walikuwa wanategemewa kufa kwa vidonda na maambukizi wakaishi. Hiyo ni katikati ya vita kuu! Na tangu 1987 kuna kipimo cha Braden ambacho nesi anakijaza akiwa amesimama pembeni ya kitanda, kina vitu sita tu, kama mtu anasikia maumivu, ngozi inalowa kiasi gani, anatoka kitandani au hatoki, anaweza kujigeuza, anakula vipi, na ngozi inasuguana kiasi gani na shuka. Alama zinaenda 6 mpaka 23, akipata 18 kushuka chini yuko hatarini na mpango wa kumlinda unatakiwa uandikwe. Niliomba kuona alama za mama. Nikaambiwa mtanitafutia. Bado mnatafuta.

2. Usiku alioanguka, na masaa yaliyofuata

Mama alishuka kitandani usiku kwenda chooni. Kengele ya kuitia mhudumu ilikuwa imening'inizwa ukutani nyuma ya kichwa cha kitanda, upande wa kushoto, mkono uliopooza. Nimeiona mwenyewe na picha ninayo. Anasema aliita kwa sauti, na jirani yake wa chumbani anasema hivyo hivyo. Hakuna aliyekuja kwa sababu usiku ule jengo zima, ghorofa mbili, lilikuwa na mhudumu mmoja. Mmoja! Akajaribu kwenda peke yake akaanguka.

Hapa niwe muwazi, sio kila mzee akianguka ni uzembe. Wazee wanaanguka hata wakiwa na watoto wao nyumbani, na siungi mkono kabisa kumfunga mtu kitandani eti asianguke, wala kumzungushia vyuma vya pembeni kama mtoto, maana hivyo vyuma vimeshabana watu na wengine wanaviruka wakaanguka kutokea juu zaidi. Kwa hiyo sidai mngezuia kila anguko duniani. Nadai kwamba faili lenu lenyewe lilisema mama asitembee bila kushikwa, lilisema anaamka usiku kwenda haja, na pamoja na kuyajua hayo mkamwekea kengele asiyoweza kuifikia na usiku usio na watu. Mlishaijua hatari mkaiandika kabisa kwa mkono wenu, alafu mkaiacha kwenye karatasi.

Kilichofuata ndicho kinaniumiza zaidi. Alilala sakafuni mpaka zamu ya asubuhi. Wenye taaluma wanajua mzee akianguka akabaki sakafuni zaidi ya saa moja hiyo peke yake ni madhara, misuli inaanza kuharibika, mwili unapoa, anaishiwa maji. Walipomkuta wakamnyanyua wakamrudisha kitandani, wakampa kidonge cha maumivu. Mguu wake ulikuwa umeonekana mfupi kuliko mwenzake na umegeukia nje, hiyo ni dalili ya nyonga kuvunjika ambayo hata mwanafunzi wa uuguzi anaijua. Na mama anatumia warfarin ya kuzuia damu kugandana, kwa hiyo akigonga kichwa damu inaweza kuvuja taratibu ndani na asionekane ana shida mpaka masaa yapite, ndio maana mtu wa hivyo anapelekwa hospitali hapo hapo, hasubiriwi "tumwangalie kwanza". Mimi nilipigiwa simu mchana, baada ya chakula. Gari la wagonjwa liliitwa jioni, na liliitwa kwa sababu nilifika nikapiga kelele.

Uingereza mwongozo wa madaktari unataka nyonga ifanyiwe upasuaji siku ile ile mgonjwa anayofika hospitali au kesho yake. Kuchelewa kuna gharama kwenye mwili, mapafu yanajaa, vidonda vinaongezeka. Nyie mlikula siku nzima kabla hata hajafika mapokezi.

3. Chati ya kugeuzwa

Hili ni fupi ila naomba wajumbe wa bodi mlisome mara mbili, maana nadhani meneja hakuwaonyesha.

Nilipewa kopi ya chati ya kumgeuza mama. Imejazwa vizuri sana, kila baada ya masaa mawili, kushoto, kulia, mgongo, saini. Mwandiko mmoja, kalamu moja, mchana na usiku, wiki nzima, kama vile kuna mtu mmoja halali wala haendi kwao. Alafu nikaangalia tarehe. Chati inaonyesha mama kageuzwa saa nane usiku, saa kumi na saa kumi na mbili asubuhi, usiku ambao tayari alikuwa kalazwa hospitali na mimi nimekaa pembeni yake.

Kwa hiyo mlikuwa mnamgeuza nani?

Chati ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na chati. Chati ikiwa tupu daktari akipita anauliza mbona haijajazwa. Ikiwa imejaa anapita zake akijua mgonjwa anatunzwa.

4. Dawa ya kumtuliza

Kwenye orodha ya dawa hospitali walikuta dawa ya usiku ambayo mimi sikuwahi kuambiwa, ni ya kundi la dawa za wagonjwa wa akili. Mama hana ugonjwa wa akili na hana dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Nikauliza, nikajibiwa alikuwa "anasumbua usiku". Kusumbua kwenyewe ni kuita apelekwe chooni. Hata kwa wazee wenye dimenshia, mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo lake kali mwaka 2005 kwamba dawa za kundi hili zinaongeza hatari ya kufa, na pia zinamfanya mtu ayumbe akisimama. Nataka jina la aliyeandika, sababu yake, na nani alikubali kwa niaba ya mama wakati mama anaweza kukubali au kukataa mwenyewe. Basi.

5. Kumfukuza mhudumu hakuwatoi nyie

Hapa ndipo kiini cha barua.

Yule dada mliyemfukuza namfahamu kwa sura, ndiye alikuwa anamsuka mama nywele. Usiku ule alikuwa peke yake na wazee wa ghorofa mbili, na wakati mama anaita yeye alikuwa ghorofa ya juu anamsafisha mzee mwingine aliyetapika. Angemwacha yule? Hebu mjumbe yeyote wa bodi asimame aniambie angefanya nini tofauti. Sikuomba afukuzwe. Sijawahi kuomba. Mmemfukuza ili mje mniambie "hatua zimechukuliwa".

Nani alipanga zamu ya mtu mmoja? Sio yeye. Nani alijua kuna wangapi humo ndani wasioweza kujigeuza? Meneja. Nani alipitisha bajeti? Bodi. Piga hesabu hata bila kalkuleta, ukiwa na wazee kumi tu wa kugeuzwa kila masaa mawili na kila mmoja akachukua dakika kumi pamoja na kumsafisha, mzunguko mmoja ni dakika mia moja, inabaki dakika ishirini za kunywesha maji, kuitikia kengele na kupeleka watu chooni kabla hajaanza upya. Na nyie mna wengi kuliko kumi. Ile ratiba ilikuwa haiwezekani tangu siku ilipobandikwa ukutani, ndio maana chati zikaanza kujazwa kwa kalamu moja.

Na sheria inalijua hili siku nyingi. Kesi za uzembe popote zinapoendeshwa kwa mfumo wa sheria wa Kiingereza zinauliza mambo manne: kulikuwa na wajibu wa kumlinda huyu mtu, wajibu ulivunjwa, kuvunjwa kwake ndiko kulikosababisha, na kuna madhara. Wajibu mnao, mlimpokea na ada mnachukua kila mwezi. Mengine nimeyaeleza juu huko. Na mfanyakazi akikosea akiwa kazini, mwajiri anajibu, hiyo ni kanuni ya zamani sana wala haihitaji wakili wa bei mbaya.

Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1951, Cassidy, ambayo nikiisoma naona kama mama ndiye anaongea. Mtu aliingia hospitali vidole viwili vimekakamaa, akafanyiwa upasuaji, akatoka vidole vinne vimekakamaa na mkono haufai kitu. Hakuweza kusema ni daktari yupi au nesi yupi alikosea, atajuaje? Jaji Denning akasema mgonjwa ana haki ya kusimama aseme hivi, niliingia na vidole viwili nimetoka na vinne, hili lisingetokea kama uangalifu ungekuwepo, elezeni kama mnaweza. Hospitali ikashindwa kueleza, ikawajibika. Basi na mimi nawaambia, mama aliingia akitembea na ngozi nzima, ametoka na kidonda cha kufika mfupani na nyonga imevunjika. Elezeni kama mnaweza.

Tena mwajiri habebi ya mfanyakazi tu, ana yake mwenyewe. Marekani mwaka 1965 mahakama kuu ya Illinois kwenye kesi ya Darling ilisema hospitali yenyewe kama taasisi ina wajibu kwa mgonjwa. Kijana alivunjika mguu akicheza mpira, akafungwa plasta, vidole vya mguu vikavimba vikabadilika rangi, manesi hawakukagua damu inavyopita mara za kutosha wala tatizo halikupelekwa juu, mguu ukakatwa. Hakuangaliwa inavyotakiwa. Mnaona inavyofanana? Kuajiri bila kuhakiki, kupanga watu wachache, kutokusimamia, kutokusoma taarifa za walio chini, hayo ni makosa ya ofisini na yanajibiwa na ofisi. Uingereza tangu 2015 imeshaenda mbali zaidi, mtunzaji anayemtelekeza au kumtesa mtu kwa makusudi anashtakiwa kwa jinai, na taasisi yenyewe nayo inaweza kushtakiwa kama jinsi ilivyoendesha mambo yake ndiyo iliyochangia. Nawakumbusha tu.

Najua mtakachojibu

"Alikuwa mzee na mgonjwa tayari." Ndiyo, ndio maana aliletwa kwenu, angekuwa mzima angekaa kwake. Na kwenye sheria huo sio utetezi, unayemuumiza unamchukua kama ulivyomkuta. Kuna kesi nyingine ya Uingereza, mfanyakazi aliungua mdomo kidogo tu kwa chuma kilichoyeyuka, kumbe tayari alikuwa na hali mwilini inayoweza kugeuka kansa, ile kansa ikatokea pale pale alipoungua akafa, na mwajiri akalipa pamoja na kwamba mtu mwingine angepona. Ngozi ya mama kuwa laini inawaongezea kazi ya kumlinda.

"Vidonda vingine haviepukiki." Kweli, vipo, mtu akiwa anakaribia kufa mwili unaweza kushindwa hata ukifanya kila kitu. Lakini anayesema hakikuepukika aonyeshe alichofanya kukiepuka. Marekani baada ya sheria yao ya 1987 ya nyumba za wazee kanuni ziliwekwa wazi, mtu aliyeingia bila kidonda asipate kidonda, isipokuwa hali yake kitabibu inaonyesha hakikuepukika. Mama hakuwa anakufa. Na mlichofanya kukiepuka ni chati ya uongo, mnataka kuipeleka hiyo mahakamani?

"Wahudumu hawapatikani." Hii naielewa, kazi ni ngumu na mshahara ni mdogo, hilo nalo mnalipanga nyie. Ila kama watu hawatoshi, acheni kupokea wazee wapya. Nyumba yenu ilipokea wakazi wapya mwezi ule ule aliovunjika mama. Vitanda vinajazwa, watu hawaongezwi, alafu tunaambiwa ni mazingira.

"Ulisaini fomu." Hii meneja alinionyesha kwa kidole kabisa, kipengele kinachosema nyumba haitahusika na madhara yoyote yatakayompata mkazi. Fomu hiyo nilipewa siku ya kumleta mama, pamoja na rundo la karatasi, nikaambiwa bila saini hapokelewi. Uingereza tangu 1977 sheria inasema huwezi kujivua kwa maandishi dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wako, kipengele hicho hakina nguvu. Marekani tangu 2019 nyumba zinazolipwa na Medicare au Medicaid, mipango ya serikali ya kulipia matibabu, haziruhusiwi kumlazimisha mtu asaini kupeleka migogoro kwa msuluhishi wa nje ya mahakama kama sharti la kupokelewa. Kwa hiyo kuweka kipengele kwenye fomu ni jambo moja, kukisimamia mbele ya jaji ni jambo lingine, na nadhani wakili wenu analijua ila anategemea familia nyingi hazilijui.

Ninachoomba

Naomba, na nataka jibu la maandishi ndani ya siku 14:

a) Faili lote la mama, kamili: kumbukumbu za manesi, chati zote, orodha za dawa, ripoti ya tukio la usiku ule, na ratiba za zamu za miezi yote aliyokaa. Nyaraka za asili zisiguswe, zisiandikwe upya, zisipotee. Kopi ya chati niliyonayo imeshahifadhiwa sehemu zaidi ya moja.

b) Maelezo ya kweli kwa mama mwenyewe, uso kwa uso, kutoka kwa mtu mwenye cheo. Uingereza nyumba za wazee zina wajibu wa kisheria tangu 2015 kumwambia mtu ukweli akiumizwa kwenye huduma na kumuomba radhi. Mama anajielewa, msiongee na mimi juu ya kichwa chake.

c) Uchunguzi wa mtu wa nje asiyelipwa na nyie kwa mwezi, na ripoti yake wapewe familia zote, sio mimi tu.

d) Gharama za hospitali, za kidonda ambacho kitachukua miezi kufunga kama kitafunga, na za mtu wa kumhudumia atakapotoka. Fidia ya maumivu tutaongea kupitia mawakili, siiwekei bei hapa.

e) Idadi ya wahudumu wa kila zamu ibandikwe mlangoni kila siku, pamoja na idadi ya wazee waliopo, tuione tukiingia.

f) Kipengele cha kujivua kitolewe kwenye fomu zenu.

g) Yule dada asikilizwe upya, na barua yake ya kufukuzwa inayosema "uzembe mkubwa" ifutwe. Ndiyo, nayaomba haya mimi mwenye mgonjwa. Na mhudumu mwingine yeyote atakayetoa ushahidi asiguswe.

Mkijibu vizuri tutakaa mezani, sina hamu ya kukaa mahakamani miaka. Lakini najua pia madai kama haya yana muda wa ukomo, na kwamba kuna taasisi huwa zinazungusha familia kwa vikao mpaka muda uishe, kwa hiyo wakili ameshaanza kazi na vikao vyenu havitasimamisha chochote. Barua yenu mtakayoleta nitaiweka hapa hapa ilivyo, bila kupunguza neno.

Kwa wenye wazazi kwenye nyumba ile ile, mkienda kutembelea ombeni kuona mgongo na visigino, angalieni kengele iko upande gani wa kitanda, na pigeni picha chati siku hiyo hiyo. Mkikuta kitu andikeni tarehe, alafu niandikieni faragha.

Wenu,
Mtoto wa mkazi wenu wa chumba cha mwisho, ghorofa ya chini

Nakala:
Mamlaka inayowapa leseni
Kampuni ya bima yenu
Wakili wangu